Mpira wa mkojo: yanayosemwa wodini na ukweli wake

Mzee wa Lituhi au Liuli, mwambao wa Ziwa Nyasa, aliyezibwa mkojo na tezi dume hana nafasi ya kubishana na mtu. Tumbo la chini limejaa, jasho linamtoka, hakai wala halali. Akifikishwa Hospitali ya Mtakatifu Anna pale Liuli, au akipandishwa milimani hadi Mbinga mjini au Litembo, au ikibidi akaenda mpaka Peramiho na Songea, jambo la kwanza atakalofanyiwa ni kuwekewa mpira wa mkojo. Baada ya dakika chache anaanza kuongea na watu. Aliyeshuhudia hilo mara moja hawezi kuudharau mpira ule, nami siudharau.

Ila mpira huohuo unaacha njia wazi. Mwili una namna yake ya kujilinda: mkojo unapotoka kwa nguvu husukuma nje vijidudu vilivyokuwa vinapanda, kisha njia hujifunga. Mpira ukishakaa, njia haijifungi tena, na mkojo hautoki kwa nguvu bali unadondoka. Ndiyo sababu maambukizi ya njia ya mkojo yamo miongoni mwa maradhi ambayo wagonjwa duniani kote huyapatia hospitalini kwa wingi, na sehemu kubwa ya maambukizi hayo huanzia kwenye mpira. Yakipanda hadi kwenye figo na kuingia kwenye damu, yanaua, na wazee ndio wanaotangulia.

Kinga ya maambukizi haya haimo kwenye kabati la dawa. Imo mikononi mwa muuguzi, na kwetu huku imo pia mikononi mwa ndugu aliyetandika mkeka kando ya kitanda cha mgonjwa wake. Hao wawili ndio wanaosikia na kurudia mengi kuhusu mpira, mengine ya kweli, mengine ya kumdhuru mtu. Nimeyachukua yale yanayosikika zaidi na kuyapima.

“Afadhali awekewe mpira, asihangaike kuamka.”

Si kweli, na maneno haya husemwa kwa huruma, jambo linaloyafanya yawe magumu kuyapinga.

Sababu za kweli za kuweka mpira zinahesabika. Mkojo umeziba. Mgonjwa ni mahututi na mkojo wake unapaswa kupimwa saa kwa saa. Anafanyiwa upasuaji unaodai kibofu kiwe kitupu. Ana kidonda kibichi cha makalio au sehemu za siri na mkojo unakiharibu. Mama amepitia uchungu pingamizi. Mgonjwa yuko ukingoni mwa uhai na kumgeuza kila saa ni kumtesa. Nje ya hapo hoja zinaanza kudhoofika. Kulowesha shuka pekee si sababu, na uzito wa zamu ya usiku si sababu pia.

Najua maneno hayo ya mwisho yanauma kwa nesi aliyeachiwa wodi nzima peke yake hadi alfajiri. Lakini hapo ndipo ndugu anapokuwa hazina ambayo hospitali nyingi za nchi tajiri hazina. Mtu mmoja wa familia akifundishwa kumpa mgonjwa chupa ya mkojo au bedpani kila baada ya saa chache, mipira mingi haitakuwa na haja ya kuwekwa. Mwanamume asiyeweza kuzuia mkojo, lakini asiyezibwa, anaweza kuvalishwa kondomu yenye mpira inayopeleka mkojo kwenye mfuko bila kitu chochote kuingia kibofuni. Na anayeamka kwenda chooni, hata kwa kushikwa mkono, anaokoka na mengine pia: damu kuganda miguuni na vidonda vya kulala.

“Kila siku mpira unapobaki ndani, hatari inaongezeka.”

Kweli. Kama msomaji ataondoka na jambo moja tu hapa, liwe hili.

Kadirio linalotumika sana ni kwamba kila siku ya mpira huongeza uwezekano wa bakteria kuingia kwenye mkojo kwa asilimia 3 hadi 7. Ukifika mwezi mmoja, karibu kila mgonjwa anao. Glavu, sabuni na ustadi vinaweza kuchelewesha, lakini kinachokata mzizi ni kuutoa mpira.

Sababu yake ni utando. Bakteria wakishaufikia mpira hawabaki wakielea. Hujibandika kwenye ukuta wake wa ndani na wa nje, hutoa ute, na huo ute hukua mpaka mpira unashika utelezi kama ule wa mawe ya ufukweni Liuli yasiyopata kukauka. Ndani ya utando huo dawa hupenya kwa shida na kinga ya mwili haifiki. Wengine, hasa anayeitwa Proteus mirabilis, huubadilisha mkojo hata chumvi zake zikaganda na kuuziba mpira kabisa, na mgonjwa akarudi kwenye maumivu yaleyale yaliyomleta hospitalini.

Watu walichelewa kulitambua hili. Mpira wenye puto tunaoutumia leo una jina la Frederic Foley, daktari wa Minnesota, Marekani, aliyeutengeneza miaka ya 1930. Kwa miongo kadhaa baada yake, ncha ya chini ya mpira iliachwa ikining’inia kwenye chupa iliyo wazi sakafuni, na kwa mtindo huo siku 4 zilitosha karibu kila mgonjwa kuwa na bakteria kwenye mkojo. Mwaka 1958 daktari mwingine wa Marekani, Paul Beeson, aliandika tahariri ya kuushitaki mpira hadharani, akiwataka wenzake wafikiri vizuri kabla ya kuuweka. Kisha mwaka 1966 Calvin Kunin na Regina McCormack wakachapisha ushahidi kwamba mpira ukiunganishwa na mfuko uliofungwa, bila kufunguliwa popote njiani, maambukizi hupungua sana.

Hapo ndipo ilipotoka sheria ambayo kila muuguzi wa leo hufundishwa: kiungo kati ya mpira na mfuko hakifunguliwi. Si kwa sababu ya kuchukua mkojo wa kupima, si kwa kumuogesha mgonjwa, si kwa kumvua suruali. Nguo inapobadilishwa, ni mfuko unaopitishwa kwenye mguu wa suruali. Kiungo kikichomoka kwa bahati mbaya, mgonjwa hujisikia vilevile, kwa hiyo kishawishi cha kukirudisha kimyakimya ni kikubwa. Ndugu akiona kimechomoka asikirudishe. Amwite nesi, na nesi aanze upya na mfuko mpya kwa usafi unaotakiwa.

“Hii UTI ameipata kwenye choo cha hospitali.”

Si kweli. Tanzania nzima choo kimebebeshwa lawama za UTI, yaani maambukizi ya njia ya mkojo, na mgonjwa mwenye mpira ndiye anayeonyesha wazi kwamba lawama hizo zimepotea njia, maana yeye hata chooni hajaenda kukojoa.

Bakteria wengi wanaohusika, E. koli akiwa wa kwanza, huishi kwenye utumbo wa mgonjwa mwenyewe. Hutoka kwenye haja kubwa, hukaa kwenye ngozi iliyo karibu na tundu la mkojo, na hupanda taratibu kwa nje ya mpira. Njia ya pili ni ya ndani: wanaingia kwenye kibomba cha kutolea mkojo chini ya mfuko, au kwenye kiungo kilichofunguliwa, kisha wanapanda kwenye mkojo uliotuama. Katika njia hii ya pili mhusika mkubwa ni mkono wa mtu. Mtu anamwaga mkojo wa kitanda cha kwanza, anahamia cha pili kwa jagi lilelile na glavu zilezile, na bakteria wa kitanda cha kwanza wamepata usafiri.

Kwa hiyo kila mgonjwa awe na jagi lake la kumwagia mkojo. Kibomba kisiguse ukingo wa jagi. Mikono ioshwe kwa maji tiririka na sabuni, au kwa kitakasa mikono, kabla na baada, na glavu zivuliwe kati ya mgonjwa na mgonjwa. Glavu aliyoivaa mtu tangu asubuhi inamlinda yeye peke yake.

“Mfuko uwe chini ya kibofu muda wote, lakini usilale sakafuni.”

Kweli. Na katika ukanda wetu kanuni hii hupata mtihani wake mkubwa barabarani.

Kutoka Mbamba Bay kupanda Mbinga ni kama kilomita 66 za kona na mwinuko. Kutoka Mbinga hadi Songea kuna kama kilomita 100 nyingine. Lami imepunguza mateso ya safari hiyo, lakini mgonjwa aliyelazwa kwenye machela bado anapakiwa, anapakuliwa, anahamishwa kitanda hadi kitanda, na kila mara mtu mmoja mwenye nia njema huuchukua mfuko wa mkojo na kuuweka juu ya tumbo lake ili usianguke. Hapo mkojo uliokaa mfukoni kwa saa nyingi, ambao huenda tayari una bakteria, unarudi moja kwa moja kwenye kibofu. Ukiwa umepanda gari la wagonjwa au boti kutoka vijiji vya mwambao, kosa hilo linaweza kudumu safari nzima bila mtu kulitambua, kwa sababu mgonjwa haumii.

Dawa yake ni mpangilio mdogo kabla ya kuondoka. Mfuko unamwagwa kwanza ili uwe mtupu. Mpira unafungwa kwenye paja kwa plasta au kamba laini, ukiwa umelegea kidogo, usije ukavutwa garini na kuchubua ndani. Mfuko unaning’inizwa ubavuni mwa machela, chini ya usawa wa kiuno. Ikilazimu kuunyanyua juu wakati wa kumhamisha, nesi aubane mpira kwa sekunde hizo chache tu na kuuachia mara mgonjwa anapotulia. Kuusahau umebanwa ni hatari nyingine, kwa sababu kibofu kitajaa tena. Na kila gari linaposimama, mtu aangalie kama mpira haujajikunja wala mgonjwa hajaulalia.

Wodini kanuni ni hiyohiyo, na mpinzani wake ni sakafu. Kitanda kifupi, mfuko mrefu, na mwisho mfuko unalala kwenye sakafu inayodekiwa kwa tambara moja kutoka mlangoni hadi dirishani. Ndoano ya waya iliyokunjwa vizuri kwenye chuma cha kitanda inatosha. Pasipo ndoano, ndoo safi iliyotengwa kwa mgonjwa huyo inaweza kuubeba mfuko. Humwagwa ukifikia theluthi mbili, kabla uzito wake haujaanza kuvuta mpira.

Nimewahi kumsikia muuguzi mmoja wa makamo akimweleza mama aliyekuwa akimuuguza mumewe: “Mama, huu mfuko uone ni wa kushuka tu, haupandi hata ukimgeuza baba.” Mama akaitikia, na tangu hapo alikuwa akiwakemea wageni waliokuja kusalimia na kukaa juu ya mpira. Maelekezo hayo ya nusu dakika yalimpa baba yule mlinzi wa saa 24.

“Sehemu pale ipakwe spiriti au Dettol kila siku.”

Si kweli. Mpira ukishakuwa ndani, tundu la mkojo na ngozi inayolizunguka vinahitaji maji safi na sabuni ya kawaida, mara moja kwa siku wakati wa kuoga na tena kila baada ya haja kubwa. Mwanamke husafishwa kutoka mbele kwenda nyuma. Mwanamume ambaye hakutahiriwa hurudishwa ngozi ya mbele, husafishwa, kisha ngozi hurejeshwa mahali pake, maana ikiachwa nyuma huvimba na kubana. Mpira nao hufutwa kuanzia mwilini kuelekea nje. Dawa kali za kuua vijidudu zikitumiwa kila siku hazijaonyesha kupunguza maambukizi, nazo hubabua ngozi laini, na ngozi iliyobabuka ni makazi mazuri kwa bakteria.

Papo mahali ambapo dawa ya kuua vijidudu ina nafasi yake: kabla ya kuuingiza mpira. Utafiti uliofanyika katika hospitali 3 za Australia na kuchapishwa mwaka 2019 ulionyesha kwamba kusafisha tundu kwa klorheksidini badala ya maji ya chumvi, kabla tu ya kuuweka, kulipunguza maambukizi kwa kiasi kikubwa. Uwekaji wenyewe unataka vifaa visivyo na vijidudu, glavu safi za upasuaji, mpira mwembamba kadiri inavyofaa, na mtu aliyefundishwa. Mpira ukigusa shuka au paja kabla ya kuingia, unatupwa. Naelewa uchungu wa kutupa kifaa mahali ambapo vifaa ni vya kuhesabu, lakini mpira uliogusa shuka utamgharimu mgonjwa siku nyingi zaidi kitandani na dawa za bei kubwa kuliko huo mpira mmoja.

“Apewe antibiotiki za kumkinga mapema.”

Si kweli, na kati ya maneno yote haya hili ndilo lenye madhara yanayomfikia hata asiyelazwa.

Dawa hizo hazizuii utando kujengeka. Huua bakteria dhaifu, huwaacha wenye nguvu, na siku mgonjwa atakapougua kweli, wale waliobaki ndio watakaokuwa wamejaa mpirani. Miongozo mikubwa ya kimataifa ya kuzuia maambukizi haya inakataza kumpa mtu antibiotiki kwa sababu tu ana mpira, na inakataza pia kukiosha kibofu kwa antibiotiki kama desturi.

Mkoa wa Ruvuma una sababu ya pekee ya kulisikiliza jambo hili. Hapa ndipo Duka la Dawa Muhimu lilipoanzia Tanzania, mwaka 2003, kabla ya mpango huo kuenea nchi nzima. Ulikuwa uamuzi mzuri: vijiji vilivyokuwa vikitegemea duka la dawa baridi lenye muuzaji asiye na mafunzo vilipata muuzaji aliyefundishwa na orodha ya dawa zilizoruhusiwa, baadhi ya antibiotiki zikiwemo, kwa cheti. Cheti ndicho kiini cha mpango ule. Lakini ndugu anayeshuka kutoka wodini hadi dukani akisema “nipe sipro za UTI, baba ana mpira,” huku muuzaji akimjua tangu utotoni, anamweka muuzaji huyo pagumu. Na zile sindano za seftriaksoni ambazo watu wamezizoea kuziita sindano za UTI zimekuwa kama kitu cha kuongezea nguvu, wakati ni silaha tunayoihitaji kwa mtoto mwenye homa ya uti wa mgongo.

Usugu si hadithi ya mbali. Utafiti wa HATUA, uliowachunguza wagonjwa wenye dalili za UTI katika Kenya, Uganda na Tanzania, kwa upande wetu Mwanza, Mbeya na Kilimanjaro, ulikuta bakteria wengi wanaozishinda dawa za aina kadhaa kwa wakati mmoja.

“Mkojo ukinuka au ukiwa na ukungu, tayari ni UTI.”

Mara nyingi si kweli. Mkojo wa mtu asiyekunywa maji ya kutosha hunuka. Mkojo uliokaa mfukoni kwenye joto la Mbamba Bay hunuka zaidi. Mpira wenyewe hukwaruza kibofu na kuleta chembe nyeupe za damu, kwa hiyo hata kipimo cha kijiti kikisoma kwamba zipo, hakijathibitisha ugonjwa. Mgonjwa mwenye bakteria kwenye mkojo lakini asiye na dalili yoyote kwa kawaida hatibiwi. Wanaotofautiana ni wajawazito na wale wanaokaribia kufanyiwa upasuaji wa njia ya mkojo.

Dalili za kuzishughulikia ni hizi: homa au kutetemeka kwa baridi, maumivu ya ubavu au ya chini ya kitovu, kuchanganyikiwa kwa ghafla kusikokuwa na sababu nyingine, presha kushuka. Hizo hazisubiri kesho. Na zikitokea ndani ya siku 2 baada ya mpira kutolewa, mpira bado unapaswa kushukiwa.

Mkojo wa kuotesha maabara hauchotwi mfukoni, kwa sababu ule umeshakuwa shamba la bakteria. Unavutwa kwa bomba la sindano kutoka kwenye kituo maalumu kilichopo kwenye mpira wa mfuko, baada ya kukisugua kwa spiriti. Hapa spiriti ina kazi. Kama mpira umekaa zaidi ya wiki 2, hutolewa kwanza, na ikiwa bado unahitajika unawekwa mpya na mkojo unachukuliwa kwenye huo mpya, la sivyo maabara itaotesha utando wa zamani.

Damu kwenye mkojo ni suala la kutazamwa kwa macho mengine. Ziwa Nyasa lina kichocho cha mkojo. Upande wa Malawi, hasa Cape Maclear, kimefuatiliwa na watafiti kwa muda mrefu. Mvuvi au mtoto wa mwambao mwenye damu kwenye mkojo anastahili kuulizwa kuhusu ziwa kabla ya mpira kutupiwa lawama zote.

“Mpira ubadilishwe kila wiki.”

Si kweli. Kubadilisha kwa kalenda tu ni kufungua njia upya bila sababu. Hubadilishwa ukiziba, ukivuja, maambukizi yakithibitika, au muda ulioandikwa na mtengenezaji ukiisha. Hilo la mwisho linawahusu zaidi wazee wanaorudi nyumbani na mpira wakisubiri upasuaji wa tezi dume: mpira wa kawaida hufikia kama wiki 4, wa silikoni hadi wiki 12. Mzee aondoke na tarehe ya kurudi iliyoandikwa kwenye karatasi, na asimwachie fundi yeyote wa kijijini kuubadilisha.

“Anywe maji mengi, yatasafisha.”

Nusu kweli. Maji huufanya mkojo utiririke na kupunguza kuziba. Mgonjwa wa moyo au wa figo, hata hivyo, ana kipimo chake, na ndugu aulize kabla ya kumjazia jagi.

“Mama aliyeshonwa fistula akitolewa mpira mapema, mshono utafumuka.”

Nimeliweka hili karibu na mwisho kwa sababu linagusa mahali ambapo mpira ni mkombozi wa kweli. Mwanamke aliyekaa na uchungu siku mbili katika kijiji cha mwambao, boti ikisubiri ziwa litulie, kichwa cha mtoto kikikandamiza kibofu kwenye mfupa wa nyonga, anahitaji mpira mapema na wa siku kadhaa. Kibofu kikibaki kitupu, tishu zilizochubuka hupata nafasi ya kupona, na tundu dogo linaweza kujifunga lenyewe kabla halijawa fistula ya maisha. Hapo hakuna wa kusema mpira utoke haraka.

Lakini hata hapa siku zina kikomo. Kwa muda mrefu, baada ya upasuaji wa fistula wanawake waliachwa na mpira wiki 2 au zaidi, kwa hofu. Utafiti uliochapishwa katika jarida la Lancet mwaka 2015, uliofanywa katika hospitali 8 za nchi 8 za Afrika, zikiwemo Kenya, Uganda na Kongo, uliwagawa wanawake 524 wenye fistula isiyo ngumu: nusu siku 7, nusu siku 14. Waliokaa siku 7 hawakufumuka zaidi ya wenzao. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani likapendekeza siku 7 hadi 10 kwa fistula za aina hiyo. Wiki nzima ya mpira iliondolewa bila mama yeyote kupoteza kitu.

Kwa aliyejifungua kwa upasuaji bila tatizo la kibofu, muda ni mfupi zaidi. Miongozo ya karibuni ya kuharakisha kupona inasema mpira utoke mara upasuaji unapokwisha. Kumwacha nao hadi siku ya tatu kwa mazoea kunamnyima mama nafasi ya kuamka na kumshika mtoto wake vizuri.

“Nesi hana ruhusa ya kuutoa, ni mpaka daktari aseme.”

Si kweli mahali ambapo wodi imejiwekea utaratibu, na ningependa kila wodi ijiwekee.

Madaktari husahau. Utafiti wa Sanjay Saint na wenzake nchini Marekani, uliotoka mwaka 2000, ulikuta kwamba madaktari walioulizwa hawakujua mgonjwa wao ana mpira kwa asilimia 28 ya wagonjwa wenye mpira. Daktari anapita raundi, anaangalia jeraha, anaangalia chati ya joto, na mfuko uko upande wa pili wa kitanda. Muuguzi ndiye anayeumwaga. Miaka 16 baadaye Saint huyohuyo na wenzake walitoa matokeo ya mpango uliohusisha hospitali zaidi ya 600, wauguzi wakiwa ndio wanaouliza kila siku kama mpira bado una kazi. Katika wodi za kawaida maambukizi yalishuka kutoka 2.28 hadi 1.54 kwa kila siku 1,000 za mpira. Kwenye vyumba vya wagonjwa mahututi hayakushuka vile, na si ajabu, kwa kuwa huko mpira mara nyingi una sababu.

Mashine haihitajiki kwa hili. Tarehe ya kuweka mpira iandikwe kwenye chati na kwenye plasta iliyobandikwa mfukoni. Katika kukabidhiana zamu liwepo swali: kitanda hiki mpira una siku ngapi, na leo unahitajika kwa lipi? Asipopatikana wa kujibu la pili, na mgonjwa hayumo kwenye orodha ya wale ambao daktari amesema wasiguswe, mpira utoke zamu hiyohiyo. Ndugu naye anayo haki ya kuuliza. “Shikamoo sista, samahani, mpira wa baba bado anauhitaji?” Swali la adabu namna hiyo halimshushi nesi, na mara nyingi ndilo linalomkumbusha daktari.

Kuutoa ni asubuhi, ili kukiwa na tatizo lijulikane mchana kukiwa na watu. Puto linanyonywa maji yote kwa bomba la sindano, halikatwi kwa mkasi, kisha mpira unavutwa polepole mgonjwa akipumua. Aambiwe kwamba mkojo wa kwanza unaweza kuwasha. Apewe chupa yenye alama za vipimo na anywe kama kawaida. Muuguzi aandike saa mpira ulipotoka, saa ya mkojo wa kwanza na kiasi chake. Saa 6 zikipita bila kitu, apapase tumbo la chini. Kama kibofu kimejaa, aweke mpira mwembamba wa kutoa mkojo na kuuondoa papo hapo, kisha amjulishe daktari kabla ya mtu yeyote kufikiria kurudisha ule wa kukaa.